Gaini Si Volumu: Kuielewa Amplifaya ya Valvu Yenye Nobu Nyingi

Mpiga solo wa kwaya hapa Kigoma, awe wa Mwanga, Gungu au Ujiji, kwa kawaida huchomeka gitaa kwenye mixa, akaweka nobu za besi, midi (sauti za kati) na trebo zote saa sita, kisha kazi ikaanza. Hakosei. Kwenye mixa saa sita maana yake hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Shida inaanza siku anapokutana na amplifaya ya valvu ya gitaa, hasa zile zinazojengwa kwa mkono moja moja, zenye gaini kubwa na uso uliojaa nobu: gaini, volumu ya chaneli, masta, besi, midi, trebo, presensi, swichi ya kung'arisha sauti, na pengine safu nzima ya slaida. Anaweka zote saa sita alivyozoea, anapiga kodi moja, na spika inatoa mngurumo mzito ambao noti zake hazisikiki. Anasema basi, hii ni mashine ya watu wa roki, sisi wa rumba haituhusu.

Kuna ukweli katika maneno yake, na nitaufikia. Ila kilichomchanganya hasa ni mambo mawili yasiyoandikwa kwenye uso wa mashine. La kwanza, gaini na volumu ni vitu tofauti. La pili, nobu ya toni hufanya kazi moja ikiwa mwanzoni mwa njia ya sauti na kazi nyingine kabisa ikiwa mwishoni, hata kama zote mbili zimeandikwa "besi".

Valvu yenyewe ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa. Mafundi redio wa zamani wa Tabora na Kigoma waliibadilisha sana enzi za redio za mbao. Ndani yake kuna kathodi inayopashwa moto kwa volti 6.3, na pembeni yake anodi iliyopewa umeme wa volti mia mbili au mia tatu. Elektroni huruka kutoka kathodi kwenda anodi. Katikati yao kuna wavu mwembamba unaoitwa gridi, ambao Mmarekani Lee de Forest aliuingiza mwaka 1906. Volti ikitikisika kidogo kwenye gridi, mkondo unaofika kwenye anodi unatikisika sana. Kukuza sauti ni hapo tu.

Valvu inayotumika zaidi mwanzoni mwa amplifaya za gitaa ni 12AX7, ambayo Ulaya wanaiita ECC83. Chupa moja ina valvu mbili ndani, na kila moja ikifungwa kwenye saketi ya kawaida hukuza mara 50 hadi 60 hivi. Sasa piga hesabu. Pikapu ya gitaa, kile kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, inatoa, tuseme, volti 0.1. Ipitishe hatua ya kwanza, yaani valvu ya kwanza, unapata volti 5. Hatua ya pili, volti 250. Hatua ya tatu, volti 12,500. Lakini umeme wote ulioko ndani ya sehemu hiyo ya mashine ni volti mia tatu na kitu. Volti 12,500 zitoke wapi? Hazitoki. Wimbi la kwenye gridi linapanda mpaka valvu inafunguka hadi mwisho wa uwezo wake, na kilele chake kinakatwa. Likishuka upande wa pili, gridi inaifunga valvu kabisa, mkondo unakatika, na huko nako linakatwa. Wimbi lililokatwa hivyo huzaa masafa mapya ambayo hayakuwepo kwenye uzi wa gitaa, nayo ndiyo mkwaruzo tunaousikia.

Kwa hiyo nobu ya gaini inaamua wimbi linakatwa kiasi gani. Volumu inaamua kiasi gani cha hilo wimbi, limekatwa au halijakatwa, kinafika kwenye valvu kubwa za mwisho na kwenye spika. Unaweza kuwa na gaini ya kutisha huku mtoto amelala chumba cha pili, na unaweza kuwa na sauti safi kabisa inayosikika mpaka bandarini.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Jim Marshall na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven, kwenye duka lao la Hanwell, London, walipotengeneza amplifaya ya JTM45 mwanzoni mwa miaka ya 1960, waliifuata kwa karibu sana saketi ya amplifaya ya Fender Bassman ya Marekani. Mashine hizo zilikuwa na hatua chache za kukuza, na ili zikwaruze ilibidi uzifungue karibu mpaka mwisho. Kelele na mkwaruzo vilikwenda pamoja. Kule California, Randall Smith akachukua amplifaya ndogo ya Fender, akaiongezea nguvu, na baadaye katika amplifaya zake za Mesa/Boogie akaongeza hatua ya kukuza na nobu za kudhibiti sauti katikati ya hatua. Mpiga gitaa Carlos Santana ni mmoja wa waliozipenda mapema. Mwaka 1987 fundi Mike Soldano akatoa amplifaya ya SLO-100, ambayo mafundi wengi wanaojenga kwa mkono bado wanaitazama kabla ya kuchora ya kwao. Ndani yake kuna hatua moja ambayo rezista (kipande kinachobana mkondo) ya kathodi ni kiloomu 39, wakati hatua ya kawaida ya Fender huwa na kiloomu 1.5. Rezista kubwa namna hiyo inaifanya valvu ikae karibu na kufungwa, kwa hiyo upande mmoja wa wimbi unakatwa mapema sana na mwingine unachelewa. Marshall nao walitumia ujanja huo huo, kwa kiloomu 10, kwenye modeli zao za masta volumu za miaka ya 1970.

Wati, kwa njia, zinadanganya. Wati 100 dhidi ya wati 50 ni tofauti ya desibeli 3 tu, ambayo sikio linaisikia kuwa ongezeko la wastani. Anayekuuzia ya wati 100 kwa ukumbi wa harusi hapa Kigoma anakuuzia uzito wa kubeba.

Turudi kwa mpiga rumba na lalamiko lake. Kigoma tunapokea muziki kutoka ng'ambo ya ziwa tangu zamani, na bendi za ukanda huu za miaka ya 1960 na 1970, Lake Tanganyika Jazz hapa, Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz kule Tabora, zilisimama juu ya magitaa yanayoongea kwa noti mbili mbili zilizo karibu, zikipishana haraka. Mkwaruzo hauzipendi noti mbili mbili. Sababu iko kwenye hesabu. Wimbi linapokatwa likiwa na noti mbili ndani yake, huzaliwa pia noti ya tofauti yao. Piga A ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, pamoja na C-shapu iliyo juu yake, hezi 554.37. Tofauti ni hezi 114.37. Noti hiyo haipo kwenye gitaa: imekaa kati ya A ya hezi 110 na A-shapu ya hezi 116.54, nje ya tuni kwa pande zote. Sasa piga A hiyo hiyo na E ya hezi 659.26. Tofauti ni 219.26, karibu kabisa na A ya hezi 220. Masikio yanaipokea kama besi ya nyongeza.

Ndiyo maana wapiga roki hupiga A na E kwa gaini kubwa na sauti ikasimama, na ndiyo maana sebene lililopigwa kwa gaini hiyo hiyo linageuka uji. Kwa mpiga rumba, ushauri wangu ni kutumia amplifaya hii na gaini ikiwa saa tatu, yaani nobu ikielekea kushoto, au chini yake, ambapo hatua ya mwisho inagusa tu kilele cha wimbi. Hapo noti inakaa muda mrefu kidogo bila kukwaruza, na hilo mixa haiwezi kukupa. Gaini kubwa ibaki kwa noti moja moja za solo. Watakaosema hilo ni kupoteza mashine, wacha waseme.

Sasa toni, ambako ndiko penye utajiri na penye mkanganyiko.

Nobu za redio na mixa zinazotulia saa sita ni za ukoo wa saketi ambayo Mwingereza Peter Baxandall aliichapisha kwenye jarida la Wireless World mwaka 1952. Zina kikuza sauti ndani yake, kwa hiyo zinaweza kuongeza na kupunguza. Nobu tatu za amplifaya ya gitaa kwa kawaida si za ukoo huo. Ni kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji) na rezista peke yake, hakuna kinachokuza. Haziwezi kuongeza chochote, zinakata tu. "Trebo kumi" maana yake ni kwamba trebo imekatwa kidogo kuliko mahali pengine popote.

Kuna jaribio rahisi la kuthibitisha. Kwenye amplifaya nyingi za mpango wa Fender au Marshall, rudisha besi, midi na trebo zote sifuri. Sauti itafifia mpaka kukaribia kufa. Kisha pandisha midi peke yake mpaka kumi, besi na trebo zikibaki sifuri. Hapo ndipo mashine inapokaribia kuwa bapa, isiyopendelea masafa yoyote. Saa sita kwa zote tatu kuna bonde katikati: kwa mpangilio wa Fender, volti ya midi inayotoka inaweza kubaki sehemu moja kati ya kumi ya iliyoingia. Mpiga solo wetu aliyeweka zote saa sita alikuwa amejifutia midi, na midi ndiyo gitaa.

Isitoshe, nobu hizi zinavutana. Ukishusha trebo, midi inabadilika tabia, kwa sababu zote zimefungwa kwenye mnyororo mmoja. Rezista moja ndogo hapo, ambayo haina nobu, ina neno kubwa kuliko nobu zote: Fender nyingi huweka kiloomu 100, Bassman iliyozaa Marshall ilikuwa na 56, na Marshall baadaye walishuka hadi 33. Inapopungua, lile bonde la midi linapungua kina na linasogea kwenye masafa ya juu zaidi, na sauti inasonga mbele. Fundi anayejenga kwa mkono na anayetaka toni inayonyumbulika huweka swichi inayobadilisha rezista hiyo na kapasita ya trebo kwa mpigo mmoja. Mashine moja inakuwa na tabia mbili kwa gharama ya swichi na vipande viwili vya bei ndogo. Ukiona amplifaya inatangazwa kuwa na swichi ya "Marekani na Uingereza", mara nyingi kilichoko nyuma yake ni hicho.

Halafu kuna suala la mahali. Mahindi yanapepetwa kabla ya kwenda mashine ya kusaga, na unga unachekechwa baada ya kutoka. Hakuna mama anayedhani kazi hizo mbili zinabadilishana nafasi. Toni iliyoko kabla ya gaini inaamua nini kitaingia kukatwa: ukipunguza besi pale, mkwaruzo unakuwa mkavu na mwepesi kufuata vidole. Toni iliyoko baada ya gaini inapanga upya kile kilichokwisha kukatwa: ukiongeza besi pale, sauti inanenepa bila noti kuvurugika.

Besi nyingi kabla ya gaini ina madhara mengine mabaya zaidi ya uzito. Wimbi kubwa la nyuzi nene likiisukuma gridi mpaka ikawa chanya, gridi inaanza kunyonya mkondo na kuichaji kapasita iliyo mbele yake. Kapasita ikishajaa, valvu inafungwa kwa kitambo mpaka chaji ipungue, na sauti inakatika katika kisha inarudi. Fundi mzuri huzuia hilo kwa kuchagua kapasita ndogo za kuunganishia hatua. Ya nanofaradi 22 ikikutana na rezista ya megaomu 1 inaanza kukata chini ya hezi 7, yaani haigusi gitaa kabisa. Ya nanofaradi 2.2 na rezista ya kiloomu 470 inaanza kukata chini ya hezi 154. Uzi wa sita wa gitaa uko hezi 82, wa tano 110, wa nne 147. Kwa hiyo yule anayesema amplifaya yake "ina besi kavu" huenda anasifia kapasita ya ukubwa wa punje ya mchele.

Mesa/Boogie za ukoo wa Mark ni mfano mzuri wa kupanga toni mara mbili. Nobu za kuzungusha zinakaa mapema, kabla ya hatua zinazokwaruza. Slaida tano, za hezi 80, 240, 750, 2200 na 6600, zinakaa baadaye. Wanaozijua huiacha nobu ya besi karibu na sifuri wakitumia gaini kubwa, kisha hurudisha uzito kwa slaida ya 80. Anayeiona mara ya kwanza anashangaa: mtu anakata besi hapa na kuiongeza pale? Ndivyo inavyotakiwa.

Presensi nayo haikati moja kwa moja. Iko kwenye sehemu ya nguvu, kwenye waya unaorudisha kiasi cha sauti ya mwisho nyuma ili kuituliza mashine. Inapunguza utulivu huo kwa masafa ya juu, nayo yakachangamka. Nobu iitwayo depthi hufanya vivyo hivyo kwa masafa ya chini. Swichi ya kung'arisha ni kapasita ndogo juu ya volumu, na volumu ikifika mwisho haina kazi tena.

Je, kujengwa kwa mkono kunaongeza nini? Watu hulipa pesa nyingi kwa maneno hayo, na nadhani wengi wanalipia hadithi. Lehemu ya mkono haiimbi. Lakini kwenye mashine ya gaini kubwa mpangilio wa waya ni jambo zito, maana chochote kinachoingia mwanzoni kinakuzwa pamoja na gitaa. Geuza mashine iliyojengwa vizuri uangalie tundu la valvu ya kwanza. Waya kutoka kwenye jeki ya gitaa ni mfupi na umefunikwa na wavu wa ethi. Rezista ya kiloomu 68 imelehemiwa juu kabisa ya mguu wa gridi, si kule mbali kwenye bodi, ili kuzuia mawimbi ya redio yasiingie. Nyaya mbili za kupasha moto zimesokotwa pamoja na kulazwa kwenye kona ya chasisi, mbali na gridi, kwa sababu zinabeba mvumo wa hezi 50. Waya wa hatua ya tatu haupiti karibu na wa kwanza hata mara moja. Ukipita, sauti inarudi mwanzoni, inakuzwa tena, na mashine inapiga filimbi yenyewe bila gitaa kuguswa. Chukua penseli ugonge chupa ya valvu hiyo polepole: ikilia kwenye spika kwa nguvu, ihamishie nafasi ya nyuma, uweke nyingine mbele.

Faida nyingine ni ya sisi tulio mbali na karakana kubwa. Mashine iliyofungwa vipande vyake kwenye bodi yenye vijiti inasomeka kwa macho. Fundi redio wa sokoni mwenye mita na mchoro anaweza kuifuata hatua kwa hatua na kubadilisha rezista ya shilingi mia chache. Ila aambiwe mapema kwamba kapasita za sehemu ya umeme hubaki na volti zaidi ya 400 hata baada ya plagi kuchomolewa. Azitoe chaji kupitia rezista, apime kwa mita, ndipo aingize mkono. Fundi aliyezoea redio za betri hategemei kukuta umeme wa kuua kwenye kitu kilichozimwa.

Umeme wetu wenyewe nao unaingia kwenye sauti. Mashine ya volti 230 ikipewa 190 jioni watu wote wamewasha majiko, ile volti 6.3 ya kupasha moto inashuka hadi 5.2, na valvu haipendi kukaa hapo muda mrefu. Stabilaiza nzuri ni ya lazima. Ni kweli mpiga gitaa wa roki Eddie Van Halen alishusha umeme wa Marshall yake, lakini yeye alifanya hivyo kwa makusudi. Anayeletewa amplifaya na ndugu yake kutoka Marekani asome kibao cha nyuma: kama kimeandikwa volti 120 na hezi 60 tu, transfoma ya kushushia itarekebisha volti, ila hezi zitabaki 50, na transfoma ya ndani ya mashine, ikiwa imebanwa kwa hezi 60, inaweza kuchemka. Na asiwashe kamwe mashine ya valvu bila spika. Transfoma ya mwisho ikikosa mzigo, volti hupanda kiasi cha kutoboa insulesheni yake. Omu za spika zifanane na za tundu: 4, 8 au 16.

Spika ndiyo toni ya mwisho, na hapa ndipo wengi wa makanisani hukwama. Spika ya gitaa ya inchi 12 huanza kunyamaza juu ya hezi 5,000 hivi, kwa hiyo inayameza masafa makali yaliyozaliwa na mkwaruzo. Spika za ukumbi zenye twita zinayatoa yote mpaka hezi 15,000 na zaidi. Ukivuta waya kutoka kwenye tundu la laini la amplifaya (si la spika) ukaupeleka moja kwa moja kwenye mixa, utasikia mchakaricho mkali ambao hakuna nobu ya trebo itakayoutibu. Weka maikrofoni mbele ya spika ya gitaa, karibu na kitambaa. Ikielekea katikati ya koni sauti inang'aa, ikisogea ukingoni inalainika. Inchi mbili zinabadilisha zaidi ya nobu ya trebo kutoka nne hadi saba, kwa hiyo isogeze kwanza ndipo uguse nobu.